Mashindano ya Soka ya Watoto ya Likizo ya Juni, Arusha: Uwanja Mzuri, Meza ya Usajili Haisomi Vyeti

Kwa wazazi wanaofikiria kuwapeleka watoto wao kwenye mashindano ya soka yanayoandaliwa kila likizo ya Juni na kituo kimoja cha michezo pembezoni mwa jiji la Arusha, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa wasimamizi wake wameahidi marekebisho, naanza na hukumu yangu ili asiye na muda aishie hapa. Uwanja ni mzuri, waamuzi wanaijua kazi yao na ada inalipika, lakini madaraja ya umri, ambayo ndiyo bidhaa hasa tunayouziwa, hayana mlinzi. Mwenye mtoto wa daraja la chini ya miaka 11 anaweza kulipa bila wasiwasi. Mwenye mtoto wa chini ya miaka 13 au 15 asome kwanza hadi mwisho.

Ada ni shilingi 20,000 kwa mtoto kwa wiki nzima, pamoja na fulana na chakula cha mchana. Nyasi zilikuwa zimekatwa, mistari ilipigwa chokaa upya kila asubuhi, na muuguzi alikaa kando ya uwanja muda wote akiwa na sanduku la huduma ya kwanza, jambo ambalo mashindano mengi ya mitaani hayana. Kina mama wanaouza chakula getini walikuwa na mtori wa moto, na anayeijua baridi ya Arusha ya mwezi wa sita ataelewa kwa nini nautaja kabla ya magoli. Vyoo ni viwili kwa umati wote, na hilo nalo linahitaji kurekebishwa. Kwa huduma hizo peke yake ningewapa alama za juu.

Tatizo liko mezani pa usajili. Fomu inadai nakala ya cheti cha kuzaliwa, na inaeleza kwamba asiye na cheti alete kiapo kilichothibitishwa na wakili. Kwa maandishi, utaratibu huo hauna kasoro. Kwa vitendo, binti aliyekuwa akisajili alipokea karatasi, akanakili jina na tarehe kwenye daftari, akabana kwa stepla na kumwita anayefuata, na sikuona mzazi yeyote akiombwa kuonyesha cheti halisi. Kivuli cha cheti huficha mengi, kwa sababu rangi ya wino haionekani, muhuri hautofautiani na maandishi, na mahali palipofutwa pakaandikwa upya hutoka peupe kama karatasi nyingine yote. Hata hivyo, kwenye kivuli kimoja, nilichokiona baadaye timu yetu ya mtaa ya chini ya miaka 13 ilipoweka pingamizi na faili likafunguliwa mbele yetu, tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kuzaliwa ilikuwa imepanda juu kidogo kuliko tatu zilizoitangulia, tena ilikuwa nyembamba kuliko zote. Pembeni yake paligongwa muhuri wa kupokelewa.

Mwenye cheti hicho alikuwa beki wa kati mwenye sauti nzito kuliko ya kocha wake. Kijeba wa pili, yaani mchezaji aliyezidi umri wa daraja lake, katika timu hiyohiyo alikuwa na mbinu safi zaidi, kwani cheti chake kilikuwa halisi kabisa, ila kilikuwa cha mdogo wake. Wachezaji waliingia uwanjani kwa kuitwa majina, na mwamuzi alipolifikia jina lake hakuna aliyeitika. Akaita tena. Mwenzake akamgusa kwa kiwiko, ndipo akashtuka na kuinua mkono, huku watoto wa timu yetu wakicheka, maana wao walikuwa wameshaelewa kabla yetu sisi watu wazima. Kipindi cha pili kijana huyo alipofunga bao, mama yake, aliyekuwa amejifunga kitenge juu ya sweta, alirusha mikono na kuita kwa furaha jina jingine kabisa, kisha akajiziba mdomo. Mumewe akamwambia, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Mama watoto, hilo jina si tulikubaliana libaki nyumbani?" Mdogo mwenye cheti naye alikuwepo, ameketi kando ya mama akila karanga, na hakuweza kusajiliwa katika daraja lolote kwa sababu cheti chake kilikuwa kazini.

Wapo watakaosema kwamba huu ni mchezo wa watoto na tusiukuze. Nisingeukuza kama zawadi ingekuwa kombe la bati na mpira mmoja. Mchezaji bora wa daraja la chini ya miaka 13 hulipiwa ada ya mwaka mzima katika shule binafsi, na makocha wa vituo vya kukuza vipaji huja kuangalia nusu fainali wakiwa na daftari mkononi. Zawadi ya namna hiyo inapowekwa mbele ya mzazi anayehangaika na ada kila Januari, halafu mlango ukaachwa wazi, watakaopita ni wengi. Baba mmoja niliyesimama naye alinieleza bila kusitasita: "Kaka, ukija hapa na umri wa kweli, mwanao atakula benchi." Hakuwa mtu mbaya, na alinisaidia kusukuma gari lilipokwama kwenye tope la maegesho. Lakini mtoto wa timu yetu mwenye miaka kumi na miwili, aliyegongana na yule beki wa kati, alibebwa nje akiwa ameshika kifundo cha mguu, na hesabu ya baba huyo haikuwa na nafasi ya kumweka mtoto huyo.

Hata kwa yule anayeshinda, faida ni fupi. Kijana wa miaka kumi na mitano akicheza na wa miaka kumi na miwili hushinda kwa urefu wa miguu, hivyo hajifunzi kupokea mpira akiwa amebanwa wala kuangalia kabla ya kupiga pasi, na siku wenzake watakapomfikia kimo, kocha aliyemchagua atashangaa kipaji kilienda wapi. Zaidi ya hapo, akishapata ufadhili kwa jina la mdogo wake, atafanya mtihani kwa jina gani, na mdogo naye akitaka kusoma ataandikishwa kwa cheti kipi?

Tulipoweka pingamizi tulilipa shilingi 50,000 zisizorudishwa, kiasi ambacho kwa timu ya mtaa kinatosha kuifanya ikae kimya. Kamisaa wa mchezo, mwalimu mstaafu ambaye nadhani ndiye mtu makini kuliko wote pale, alimwita yule beki pembeni, akiwa na baba yake, na kumuuliza tarehe ya kuzaliwa. Kijana aliitaja yote kwa pumzi moja, siku, mwezi na mwaka, kama anayesoma shairi la kukariri. Akaulizwa yuko darasa la ngapi, akajibu, "La sita, mwalimu." Akaulizwa anayemfundisha Hisabati ni nani. Hapo alinyamaza na kumtazama baba yake, na baba akadakia, "Mwalimu, mtoto ana aibu huyu." Kamisaa aliandika kila kitu, lakini kamati ya mashindano ilitupa jibu la mstari mmoja kwamba cheti cha kuzaliwa ni hati ya serikali na kwamba kamati haina mamlaka ya kukikataa.

Jibu hilo linasikika vizuri hadi mtu akumbuke kwamba kamati haikuwahi kukiona cheti chenyewe. Pia RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ina huduma ya uhakiki wa vyeti, na kila aliyewahi kuomba mkopo wa elimu ya juu anaifahamu, kwa kuwa Bodi ya Mikopo haipokei cheti cha kuzaliwa kisichohakikiwa. Sidai kwamba mashindano ya wiki moja yapeleke kila karatasi RITA, lakini ile inayopingwa, tena kwa pingamizi lililolipiwa, wangeweza kuipeleka, na fedha ya kufanya hivyo walikuwa nayo.

Kamati ingefaidika kwa kutazama jinsi udanganyifu wa aina hii ulivyowahi kuumbuliwa kwingine. Mwaka 2001 kijana Danny Almonte, wa timu moja ya Bronx, New York, aliishangaza Marekani katika fainali za besiboli za watoto wasiozidi miaka 12, hadi ilipogundulika kwamba nchini kwao, Jamhuri ya Dominika, alikuwa na vyeti viwili, kimoja kikisema alizaliwa 1989 na kingine 1987. Cha 1987 ndicho kilichokuwa cha kweli. Ushindi wa timu ulifutwa, na waliofungiwa maisha na waandaaji walikuwa baba yake na mwanzilishi wa timu. Karibu zaidi na sisi, mwaka 2019 fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilipochezwa Dar es Salaam, Guinea ilifika fainali na kujipatia tiketi ya Kombe la Dunia la umri huo nchini Brazil, kisha ikanyang'anywa baada ya Senegal kulalamika kuhusu wachezaji wawili. Kilichowaponza ni mashindano waliyowahi kucheza Japani mwaka 2017, ambako walisajiliwa kwa tarehe tofauti za kuzaliwa. Senegal ndiyo iliyokwenda Brazil.

Kinachoonekana katika kisa hicho cha Dar es Salaam ni kwamba karatasi iliyoletwa kwa ajili ya kombe iliangushwa na kumbukumbu iliyoandikwa kabla hakujawa na kombe lenyewe. Hiyo ndiyo kumbukumbu ambayo mashindano yetu ya Juni yanapaswa kuidai. Mtoto anapoandikishwa darasa la kwanza hakuna anayejua kwamba atakuja kuwa beki wa kati, hivyo daftari la uandikishaji la shule halina sababu ya kusema uongo. Ndivyo ilivyo pia kwa kadi ya kliniki, ambayo tarehe zake za chanjo zimeandikwa na wauguzi tofauti kwa kalamu tofauti. Barua ya mwalimu mkuu yenye namba ya uandikishaji, darasa analosoma mtoto na namba yake ya PReM, yaani namba ya utambulisho wa mwanafunzi inayotumika kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, ingewatoa vijeba wengi kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, kwani ni vigumu mtoto kuwa chini ya miaka 13 kwenye fomu ilhali shule zikifunguliwa Julai anarudi kidato cha pili.

Utaratibu huo ungewatendea haki pia wazazi wakweli waliochelewa. Huku kwetu wapo wengi ambao walimpatia mtoto cheti akiwa mkubwa, kwa sababu alizaliwa nyumbani au kwa sababu hakuna aliyewahitaji kukitoa mapema, na nilimsikia kiongozi mmoja wa timu akidai kwamba kila cheti kilichotolewa mwaka huu kikataliwe. Hilo lingewaumiza wasio na hatia. Daftari la shule na kadi ya kliniki vingemwokoa mtoto wa namna hiyo, kwani cheti chake kipya kingekubaliana na karatasi za zamani.

Kuna waliopendekeza vipimo vya hospitali, nami siviungi mkono kwa umri huu. FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililofanyika Nigeria mwaka 2009, kwa kuwa mfupa uliomaliza kukua na kuungana kabisa mahali hapo ni nadra kwa asiyefikisha umri huo, na MRI haina mionzi ya eksirei. Sisi Watanzania tulinufaika na kipimo hicho. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya umri huo, walikwenda kwenye fainali za Afrika nchini Gabon mwaka 2017 baada ya Kongo Brazzaville, iliyokuwa imewatoa uwanjani, kuondolewa kwa kushindwa kumpeleka mchezaji wake mmoja kupimwa. Lakini kipimo hicho hutenganisha waliovuka miaka 17 na wasiovuka. Kijana wa miaka kumi na mitano aliyejificha katika daraja la chini ya miaka 13 mfupa wake bado uko wazi, na mashine ingempitisha kwa heshima zote.

Kuhusu adhabu, ningependa kanuni zitamke kwamba timu itapokonywa pointi na mzazi au kocha aliyeleta karatasi ndiye atakayefungiwa, huku mtoto akiruhusiwa kurudi mwaka unaofuata katika daraja lake halisi. Yule mvulana aliyesahau kuitika jina la mdogo wake hakuliandika yeye kwenye fomu. Ada ya pingamizi nayo irudishwe kwa timu inayoonekana kuwa na haki, la sivyo ni ada ya kununua ukimya.

Daraja la chini ya miaka 11 lilikuwa tofauti kabisa, labda kwa sababu halina ufadhili wala makocha wenye madaftari. Wasichana na wavulana walicheza pamoja, kipa mmoja aliondoka golini kufunga kamba za viatu na akafungwa bao, na wazazi wa pande zote walishangilia. Binti yangu alirudi nyumbani na tope hadi masikioni, na mwakani bado atakuwa na umri wa daraja hilo, kwa hiyo nitamlipia. Kaka yake ataendelea kucheza na timu ya mtaa hadi nione barua za walimu wakuu zikisomwa pale mezani kabla ya risiti kukatwa.