Vitabu vya sheria: wakili mpya anunue nini kwanza?

Kila wanapoapishwa mawakili wapya, hakosi mmoja wa kunipigia: "Kaka, nimepata chumba cha ofisi, kabati nilijaze nini?" Kichwani ana ile safu ya juzuu nene alizoziona nyuma ya meza ya mzee mmoja wakati wa mafunzo ya vitendo. Safu hiyo inapendeza, lakini wanaoitazama zaidi ni wateja. Hakimu atakuuliza kifungu. Basi mimi napanga hivi, kwa anayefanya kazi Tanzania Bara na ambaye mfuko bado mwembamba.

Namba moja ni sheria zenyewe, sura moja moja (kila sheria ina namba yake ya sura), za Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria zilizochapishwa upya zikiwa na marekebisho yake. Toleo hili limeanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, likashika nafasi ya lile la 2002. Seti nzima waachie wenye ofisi kubwa. Wewe chukua zitakazochakaa mkononi: Sura ya 33 ya mwenendo wa madai, Sura ya 20 ya mwenendo wa jinai, Kanuni ya Adhabu Sura ya 16, na Sheria ya Ushahidi Sura ya 6. Ukipata kesi za viwanja ongeza 113 na 114. Za kazi, 366. Anza kuulizia kwa Mpiga Chapa Mkuu wa Serikali kabla hujafika kwa wauza vitabu.

Na kabla ya kutoa hela, fungua ndani. Usiridhike na jalada. Namba za vifungu zimehama katika baadhi ya sheria, na mwenye kijitabu cha zamani anaweza kutaja kifungu kwa sauti kubwa kumbe sasa kinazungumzia jambo jingine. Yalinikuta mwenyewe zamani: nilinunua kitabu cha kopi kilichobaindiwa vizuri, juu kimeandikwa mwaka mpya, ndani sheria haina marekebisho hata moja. Niligundua nikiwa nimesimama mahakamani. Wakili wa upande wa pili hakucheka, alinisogezea tu nakala yake. Bora angecheka.

Namba mbili haina bei: TanzLII, mtandaoni. Humo mna hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu, pamoja na sheria. Gharama yako ni bando, karatasi na steshenari ya jirani. Kila hukumu ina utambulisho wake. Ukiona TZCA ni ya Rufani, TZHC ni ya Mahakama Kuu. Chapisha hukumu yote, si ukurasa ule unaokufurahisha peke yake, maana jaji atataka kujua ukurasa unaofuata ulisemaje. Nimeiweka ya pili kwa sababu chumba cha mahakama hakina huruma na simu iliyozima.

Tatu ni Tanzania Law Reports (TLR), juzuu za hukumu zilizochapishwa, hasa za miaka ya 1980 na 1990, ambazo mara nyingi utazipata mkono wa pili. Ukisikia [1993] TLR 22, ndiyo kesi ya Daudi Pete kuhusu dhamana: juzuu ya 1993, ukurasa wa 22. Juzuu iliyochanika faharasa usiichukue hata kwa bei ya kutupa. Utapoteza jioni nzima ukitafuta shauri moja.

Nne naweka High Court Digest, zilizoanza na mashauri ya 1967, ingawa wakubwa zangu watanikatalia. Ni mihtasari, si hukumu kamili, ila ni nyepesi na bado zinaishi. Nani ameomba zuio la muda nchi hii bila kumtaja Atilio dhidi ya Mbowe? Hiyo ni HCD ya 1969, namba 284. Namba ya shauri, jamani, si ukurasa! Nimemwona kijana akifunua mpaka jalada la nyuma akiutafuta ukurasa huo.

East Africa Law Reports zinashika mkia, na si kwa ubaya. Zilianza na mashauri ya 1957, zikabeba hukumu za Kenya, Uganda na kwetu, na Mukisa Biscuit, [1969] EA 696, hutajwa karibu kila penye pingamizi la awali. Lakini seti ni ghali na nzito, na kesi utakazozihitaji kweli zinahesabika. Nenda maktaba ya chuo au ya mahakama, toa kopi za hizo, weka kwenye faili moja.

Zile "kesi muhimu kwa ufupi" zinazouzwa kwa kurasa thelathini nje ya vyuo sikuzipa namba. Aliyefupisha hajiandiki jina.