Wali wa Kyela kwa mama lishe wa Nane Nane

Sisi ni watu wa Mombasa, mwaka wa pili sasa Mbeya kwa kazi ya mume wangu. Nane Nane, sikukuu ya wakulima ya Tanzania, kwetu haipo, basi tarehe 8 Agosti watoto wakatuburuta hadi viwanja vya John Mwakangale kutazama ng'ombe na matrekta. Baridi ya huku, jamani! Masweta mawili na bado meno yanagongana.

Saa saba tukaketi kwa mama lishe mmoja karibu na mabanda ya mifugo. Wali wa Kyela ulinukia kabla sahani haijatua, punje moja moja, laini. Maharage hayakuwa na nazi, nikanuna, ila parachichi la pembeni likanituliza. Nilipoita "Nipe sahani nne," dada akanitazama tu. Mwanangu wa darasa la tatu akaninong'oneza, "Mama, sema naomba."

Ubaya: tulisubiri karibu saa nzima, maji ya kunawa yalikuwa kama barafu, na chenji yangu ya elfu mbili niliidai mara tatu. Mwakani nitarudi kwa wali ule, lakini pesa nitakuja nazo kamili.