Uzoefu wangu na huduma ya kukarabati kuta za nje za jengo la kale la mawe

Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa jengo la mawe ya chokaa ambalo umri wake umepita karne moja na nusu, na kwa muda wa miezi kumi nilifuatilia karibu kila siku kazi ya kampuni tuliyoipa dhamana ya kukarabati kuta zake za nje. Naandika kwa sababu nilipokuwa nikitafuta mafundi wa aina hii nilikutana na sifa nyingi na maelezo machache.

Tuliwaita kwa kuwa uso wa mawe ya upande wa kusini ulikuwa ukibanduka kama magamba, ilhali viungo kati ya jiwe na jiwe vilionekana vizima kabisa. Mimi nilidhani mawe yamechoka na dawa yake ni kuyabadilisha. Mwashi mkuu aligonga kiungo kimoja kwa tindo, akanieleza kuwa ugonjwa ulikuwa ni huo uzima wenyewe. Waashi waliolijenga jengo walitumia chokaa na mchanga, lakini waliolikarabati baadaye walikwangua viungo na kuvijaza saruji. Chokaa ni laini na ina vinyweleo, kwa hiyo unyevunyevu ulioingia ukutani hupata njia ya kutokea viungoni. Saruji, iliyo ngumu kuliko jiwe lenyewe, huiziba njia hiyo, maji yakalazimika kutokea kwenye jiwe, na chumvi iliyoyeyuka ndani yake huganda kuwa fuwele chini ya uso wa jiwe na kuusukuma hadi ukabanduka. Kampuni nyingine ilikuwa imependekeza tubadilishe mawe arobaini. Hawa walibadilisha kumi na moja.

Kazi ya kutoa saruji ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi, na ndiyo iliyoniudhi. Tulikubaliana kwamba itolewe kwa tindo na nyundo, kwa kina kisichopungua mara mbili ya upana wa kiungo. Siku moja nilipokuwa sipo, kijana mmoja alitumia grainda juu ya madirisha mawili, na diski ikala kingo za mawe kiasi kwamba viungo vya hapo sasa vinaonekana vinene kuliko vingine vyote. Waliomba radhi na kumwondoa kwenye jukwaa, lakini kingo za jiwe hazioti tena.

Katika kujaza viungo sina lawama. Walichukua vipande vya mchanganyiko wa zamani, wakatenganisha mchanga wake ili wapate wenye chembe na rangi inayofanana, kisha wakatengeneza sampuli nne ukutani na kutusubirisha zikauke kabisa kabla ya kuchagua, kwa kuwa chokaa mbichi hudanganya macho. Chokaa huimarika taratibu kwa kunyonya hewa ya ukaa, na ikikaushwa haraka na jua au upepo hugeuka vumbi. Kwa hiyo walifunika ukuta kwa magunia yaliyoloweshwa na kuyarudia kuyanyunyizia maji kwa siku kadhaa, hata mwisho wa wiki.

Nakiri kwamba mara mbili niliwataka wafanye makosa. Kwanza niliomba utando mweusi ulio chini ya vishikizo vya paa upigwe mchanga kwa mashine ili ukuta uwe mweupe. Walikataa, wakaeleza kwamba utando huo ni jasi inayotokea gesi ya salfa inapokutana na jiwe la chokaa, na kwamba mchanga ungeondoa uso wa jiwe pamoja nao. Badala yake walitumia ukungu wa maji na brashi laini, na weusi kidogo ukabaki. Pili, nilitaka ua lililofutika juu ya mlango lichongwe upya, ingawa hatukuwa na picha yake. Mwashi mkuu alinikumbusha Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi na kukarabati majengo ya kale, unaosema kwamba ukarabati hukoma pale makisio yanapoanzia. Nilinuna kwa wiki nzima. Leo nikilitazama lile jiwe lililolika, naona alikuwa na haki.

Lalamiko langu kubwa, hata kuliko la grainda, ni kwamba uchunguzi wao wa awali uliishia ukutani. Mfereji wa paa uliokuwa umepasuka ndio uliokuwa ukiulowesha upande wa kusini, na hawakuugundua mpaka mvua ilipoharibu viungo vipya vya pembeni. Fundi mwingine aliutengeneza mfereji, na kampuni ikavijaza viungo vile mara ya pili kwa gharama yake, baada ya barua tatu kutoka kwetu.