Mafunzo ya tiba ya viungo pwani: Lamu au Malindi?

Mwanafunzi wa tiba ya viungo anayetoka ng'ambo kuja kufanya mafunzo ya vitendo atazoea Malindi upesi. Lami yafika kutoka Mombasa, tuktuk zimejaa, Kiingereza na Kiitaliano husikika mjini. Vijiji vingi vya jirani ni vya Wagiriama, wenye lugha yao, kwa hiyo atajifunza pia kufanya kazi na mkalimani, na hiyo ni faida kubwa.

Lakini kwa kujifunza kuzungumza na watu, mimi namshauri Lamu. Kiti cha magurudumu hukwama kwenye vichochoro na ngazi za mji wa kale, basi itambidi amfuate mgonjwa nyumbani: apige hodi, angoje "karibu", avue viatu, aulize hali za wote kabla ya kuuliza maumivu. Mzee aliyepooza upande mmoja, ukimuuliza anataka nini, huenda akakwambia anataka kusujudu bila kushikwa. Mazoezi yaanzie hapo: kupiga magoti, kuegemea viganja, kushusha paji la uso, kuinuka. Mgonjwa akiwa mwanamke, aombwe idhini kabla ya kuguswa, na ndugu yake wa kike awepo akitaka.