Vanishi ya mafuta au sandingi sila? Uzoefu wangu wa kufufua fenicha kuukuu za chumbani, Mtwara

Nianze na hukumu, sababu zifuate. Kwa kitanda au kabati la mbao ngumu, vanishi ya mafuta aina ya poliyurethini, ile yenye mng'ao hafifu, naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Sandingi sila, ile ya kuziba vitundu vya mbao inayopigwa msasa kabla ya laka, pamoja na laka yake ya thina, naipa tatu kwa Mtwara na Lindi. Ningekuwa Dodoma ningeipa nne. Rangi ya mafuta juu ya kabati la chipubodi nayo tatu, na hizo ni kwa mtu atakayeandaa uso vizuri. Anayetaka kupaka tu juu ya uchafu asitarajie hata moja.

Kinachotutofautisha na Dodoma ni unyevu. Sila na laka hukauka kwa thina kuruka hewani, na inaporuka haraka huupoza uso wa mbao. Hewa ya pwani ikiwa imejaa mvuke, mvuke huo hugeuka umande juu ya laka ambayo haijashika. Hapo ndipo unapoona mchago umepata weupe kama tui jepesi lililomwagika, hasa pembezoni na kwenye nakshi ambako laka ilikaa nene. Ukigusa, kumekauka kabisa, hakunati, ila nyuzi za mninga hazionekani tena. Wengi hukimbilia msasa, na msasa hausaidii sana kwa kuwa weupe uko ndani ya tabaka lenyewe. Dawa ni kungoja siku kavu, kisha kupitisha mkono (yaani tabaka moja la kupaka) mwembamba sana wa thina ya kuchelewesha, ile inayoruka polepole. Laka hulainika tena na unyevu hupata njia ya kutoka.

Kwa hiyo ukiamua kutumia sila, fanya kazi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, sila ni ya fundi mwenye kompresa na uzoefu. Kwa mtu anayejifanyia mwenyewe nyumbani kwa brashi, vanishi ya mafuta inasamehe mengi zaidi. Ubaya wake ni kwamba inabaki na unata kwa saa kadhaa, na kusi likivuma upande wa Shangani kila chembe ya mchanga inataka kukaa juu yake. Funga madirisha ya upande upepo unakotokea, acha wazi ya upande wa pili, na mwaga maji kidogo sakafuni kabla ya kupaka ili vumbi litulie.

Kabla ya kununua chochote, jua kilichopakwa zamani. Chukua pamba, iloweshe thina, iweke nyuma ya tendegu ambako hakuonekani. Tabaka la zamani likiyeyuka ndani ya sekunde chache, ile ni laka ya thina. Likikunjamana kama ngozi, ni vanishi au rangi ya mafuta. Lisipobadilika kabisa, huenda ni laka ya kuchanganywa na kigumuzi, na hiyo huitoi kwa thina. Utaikwaruza kwa msasa hadi ipoteze mng'ao, upake juu yake. Kipimo hiki kinakuepusha na kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii: kupaka kitu cha thina juu ya kitu cha mafuta. Thina huinua tabaka la chini, na kazi yote inageuka magamba. Mafuta juu ya thina iliyokauka, kwa kawaida hakuna ugomvi.

Nalo jambo la mbao yenyewe. Vitanda vingi vya zamani huku kusini ni vya mninga au mkongo, vichache vya mvule. Mninga hauhitaji kupakwa rangi nyeupe kwa sababu tu umeona picha mtandaoni. Ni kuizika mali. Isitoshe, ukipaka rangi ya maji juu yake, rangi ya mbao hupanda na kuacha mabaka ya kahawia. Mkongo ni mbaya zaidi: vitundu vyake vina unga wa njano ambao ukipata unyevu unatoka, na unaweza kuacha doa hata kwenye shuka. Kama ni lazima kitanda kiwe cheupe, tanguliza andakoti (rangi ya chini) ya mafuta, mikono miwili. Mvule una tabia yake: mafuta yake ya asili huchelewesha vanishi kukauka. Usugue kwa kitambaa chenye thina hadi kitambaa kisitoke na rangi, uache thina iishe, kisha paka siku hiyo hiyo.

Kitanda cha futi 5 kwa 6, ukihesabu mchago na upande wa miguuni pande zote pamoja na mifumbati, kina takribani mita za mraba 7. Lita moja ya vanishi hufunika mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono mitatu inataka lita 2. Ongeza nusu lita ya tapentaini, brashi ya inchi 2 yenye nywele laini, na msasa: karatasi mbili za namba 80, nne za 120, tatu za 180 na tatu za 240. Chaga usizihesabu, ziache bila vanishi, godoro lipumue.

Fungua kila kipande cha kitanda kinachofunguka. Vanishi ya zamani iliyokwisha kumenyeka ipakwe dawa ya kutolea rangi, nene, iachwe dakika 15 hadi 20, kisha ikwanguliwe kwa kufuata nyuzi. Vaa glovu, fanya nje. Magadi makali usiyaguse, yanaufanya mninga kuwa mweusi. Na kama kitanda kimewahi kupakwa rangi ya mafuta miaka mingi iliyopita, usiipige msasa mkavu: rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi hilo si la kuliacha karibu na watoto. Hata vumbi safi la mninga huwasha pua na kifua, barakoa si urembo.

Namba 80 ni ya penye mikwaruzo tu. Kisha 120 kote, kisha 180, daima kwa urefu wa nyuzi. Mkwaruzo uliokatisha nyuzi hauonekani mbao ikiwa kavu. Unajitokeza ukishapaka, na hapo umechelewa. Namna ya kuugundua mapema ni kufuta mbao kwa kitambaa chenye tapentaini na kuitazama kwa ubavu dhidi ya mwanga wa dirisha. Matundu madogo yazibwe kwa unga wa msasa wa mbao ile ile uliochanganywa na gundi nyeupe, ila kidogo, maana gundi inayobaki juu inakataa vanishi na kuacha doa jeupe.

Mkono wa kwanza punguza vanishi kwa tapentaini, sehemu moja kwa tisa, ili iingie ndani. Usitangulize sila nene chini ya poliyurethini kama wengi wanavyoshauri. Sila nyingi zina unga wa kurahisisha msasa, na unga huo hupunguza mshiko. Vanishi yenye mng'ao hafifu lazima ikorogwe hadi chini, kwa kuwa kile kinachoua mng'ao hutuama kwenye kopo. Koroga kwa kijiti, usitikise, povu litahamia kwenye mbao. Kopo litakwambia saa sita hadi nane kati ya mkono na mkono. Hapa Mtwara subiri saa 24, msasa wa 240 mwepesi, futa, endelea. Unga ukitoka mweupe na mkavu, endelea. Ukijiviringisha kwenye karatasi, bado. Godoro lirudishwe baada ya wiki moja hivi.

Ukiona unga laini chini ya kitanda na vitundu kama vya sindano, ni bungua. Kwa mninga na mkongo mara nyingi hula ile mbao nyeupe ya ukingoni mwa gogo, kiini hawakigusi. Mafuta ya taa huwanyamazisha kwa muda tu. Nunua dawa ya kuhifadhi mbao, ingiza kwa bomba la sindano kwenye kila kitundu, funika na nailoni usiku mmoja, na subiri ikauke kabisa kabla ya vanishi. Wapo wanaosifu mafuta ya maganda ya korosho. Kwa nguzo ya uzio sawa, lakini yanachoma ngozi na yanaacha weusi usiotoka. Kitandani, hapana.

Kabati la chipubodi lina kanuni moja: sehemu iliyovimba kwa maji ya kudekia hairudi. Kata sentimita 5 za chini zilizovimba, weka miguu ya mbao ngumu. Uso wake wa plastiki kwaruza kwa 180 hadi using'ae, osha kwa maji ya sabuni, kausha. Kingo zilizokatwa hunywa rangi bila kushiba; hapo ndipo sila inapostahili nyota zake, mikono miwili kwenye kingo tu, msasa katikati. Kisha nusu lita ya andakoti, na lita moja ya rangi kwa mikono miwili, kwa kabati la milango mitatu upande wa nje. Tumia rola ya sponji ya inchi 4. Brashi huacha mistari. Matundu ya bawaba yaliyolegea yajazwe vijiti vya mshikaki na gundi, yakatwe usawa, skrubu irudi.

Skrubu za chuma cha kawaida zitupe. Chumvi ya bahari inazila, na chuma kikigusana na mninga wenye unyevu huacha duara jeusi kuzunguka kichwa cha skrubu. Za shaba zinatosha. Tanguliza tundu kwa keekee, kwa kuwa skrubu za shaba ni laini na hukatika.

Matambara yaliyolowa vanishi yatandaze nje yakauke moja moja. Yakirundikwa yanaweza kujipasha moto hadi kuwaka.