Packet Tracer: Maabara ya Mitandao kwa Asiyekuwa na Ruta

Kwa anayejiandaa kufanya mtihani wa CCNA, cheti cha ufundi wa mitandao cha kampuni ya Cisco, bila fedha za kununulia ruta na swichi (vifaa vinavyounganisha mitandao na kompyuta), programu ya Packet Tracer, ambayo Cisco huitoa bure kwa wanaojisajili katika Networking Academy, inatosha kuwa maabara ndani ya kompyuta ya kawaida. Niliitumia karibu kila usiku kwa miezi mitano, na ninaipa alama nne kati ya tano. Uzuri wake mkubwa ni ile sehemu ya uigizaji, inayomwezesha mwanafunzi kusimamisha muda na kuifuata pakiti moja (kifurushi kidogo cha data) hatua kwa hatua, akaona swichi ikijifunza anwani za MAC (namba za utambulisho za vifaa) na ruta ikiitupa pakiti isiyo na njia. Jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa nyingi, hapo huonekana kwa macho.

Hata hivyo, baadhi ya amri za ruta halisi hazimo, na programu haiwezi kumfundisha mtu kubana plagi ya RJ45, ile ya mwisho wa kebo ya mtandao, wala kutafuta kebo iliyokatika juu ya dari. Hayo niliyapata kwa kujitolea kumsaidia fundi wa mitandao siku za Jumamosi (plagi yangu ya kwanza, nakiri, ilikuwa na nyaya mbili zilizopishana). Mtihani wenyewe, wenye namba 200-301, huchukua dakika 120, na cheti hudumu miaka 3. Ada yake ilikuwa dola 300, nami sikuilipa mpaka nilipoweza kugawa anwani za IP (namba za kompyuta kwenye mtandao) katika mitandao midogo bila kikokotoo.