Mchongoko Dar–Dodoma: safari safi sana, sasa tuongelee hela ya kuitunza

Watu wananiuliza sana kama hii treni ya SGR (reli mpya ya umeme) ya Dodoma, ile yenye pua iliyochongoka tunayoiita mchongoko, kweli inafaa au ni sifa tu za mitandaoni, basi ngoja niandike mara moja wote wasome. Inafaa. Mi naona ndo kitu bora cha usafiri wa umma tulichowahi kujengewa nchi hii tangu nipate akili, na wanaotaka kuniita chawa waite tu, nimepanda kwa hela yangu na nitaendelea kupanda.

Tiketi unakata mtandaoni, unajaza namba ya NIDA, unachagua siti, unalipa kwa simu, kwisha. Ila kata mapema aisee, hasa Ijumaa na Jumapili, maana Dodoma ndo serikali ilipo na watumishi wanajaza behewa zote. Treni ya kawaida ilianza na nauli ya 31,000 mpaka Dodoma na 13,000 mpaka Moro, Express ilikuwa 40,000, na mtoto wa miaka 4 mpaka 12 analipa nusu. Fika na kitambulisho, mzigo unapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege, na uwahi, kwasababu muda ukifika geti linafungwa na hakuna cha konda kukusubiri.

Ndani ni pasafi, ac inafanya kazi, kuna sehemu ya kuchaji simu, choo kina maji. Wahudumu wanapita na kitoroli cha chai na vitafunwa. Kilichonigusa zaidi ni utulivu. Ukitoka Pugu treni ikishachanganya unaona kwenye skrini inasogea mpaka 160 kwa saa na kikombe cha chai hakitikisiki, yani unaongea na jirani yako kwa sauti ya kawaida. Safari moja nilikaa na mama mtu mzima anatoka kliniki Muhimbili anarudi kwake Chamwino, nimemwamkia shikamoo mama, akaitikia, afu akaniambia mwanangu mi mgongo huu nilikuwa nikishuka kwenye basi nalala siku mbili, sasa hivi nashuka napika. Hayo ndo matumizi ya hela ya umma ninayoyaelewa mimi.

Anayeijua barabara ya Dodoma haitaji maelezo. Foleni ya Kibaha, Mlandizi, Chalinze, malori yamepanga mstari, basi linafukuzana na muda, ni masaa nane au tisa ukiwa na bahati. Express ni masaa matatu na nusu hivi. Na njiani usilale, kaa dirishani, milima ya Uluguru inaonekana vizuri ukikaribia Moro, halafu baada ya Kilosa unaingia kwenye mahandaki unatoka unaingia tena, ndo kipande kizuri kuliko vyote. Kipande hicho cha Kilosa mpaka Gulwe kina historia yake, kwenye reli ya zamani ndo palikuwa panaliwa na mafuriko karibu kila masika, tuta linaondoka treni zinasimama. Hii mpya imepitishwa juu kwenye madaraja na ndani ya milima kwasababu hiyo, na ndo maana ikawa ghali.

Kasoro ya vituo naisema kabisa. Dar kituo kipo mjini, safi. Moro unashushwa Kihonda, Dodoma unashushwa Mkonze, unabaki na bodaboda na bajaji, na bei ya usiku ni ya kupatana. Mji ambao ndo makao makuu ya nchi ungekuwa na mabasi yanayofata ratiba ya treni, hicho kitu hakihitaji mkopo wa nje, kinahitaji halmashauri na LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, kukaa meza moja.

Sasa hela. Hapa ndo nataka watu wanisikilize kwasababu tunaisifia treni kama zawadi wakati tumeinunua wenyewe. Kuanzia 2015 kuna tozo ya maendeleo ya reli, iliwekwa asilimia 1.5 ya thamani ya mizigo inayoingizwa nchini, kwahiyo mtu wa Songea au Mtwara ambaye hata mataruma ya SGR hajawahi kuyaona, akinunua friji au spea ya pikipiki ameichangia hii reli. Mkataba wa Dar–Moro ulikuwa dola bilioni 1.2 na wa Moro–Makutupora (kule Singida, mbele ya Dodoma) bilioni 1.9, mkandarasi Yapi Merkezi wa Uturuki, jiwe la msingi aliweka Magufuli Aprili 2017. Tukaanza na hela za ndani, baadae Februari 2020 ikasainiwa mikopo ya dola bilioni 1.46 iliyoratibiwa na Standard Chartered. Na huko mbele kuna Tabora, Isaka, Mwanza, Kigoma, vyote ni mikopo juu ya mikopo, na ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimeshahoji mikataba iliyotolewa bila kushindanisha wakandarasi. Maswali ya CAG siyo uchochezi, yanatakiwa kujibiwa.

Ninachosema ni hiki, nchi hii haijawahi kushindwa kujenga reli, imeshindwa kutunza. TAZARA ile, reli ya kwenda Zambia, kilometa 1,860, China ilitukopesha bila riba, ikajengwa kati ya 1970 na 1975, kazi ya kishujaa kabisa. Miaka ikapita, vichwa vikafa, spea hakuna, mishahara inachelewa, mizigo ikahamia kwenye malori, na 2025 tumeishia kuikabidhi kwa kampuni ya CCECC ya China kwa miaka 30 ili iweke dola bilioni 1.4 za kuifufua. Reli ya Kati nayo 2007 tuliipa RITES ya India asilimia 51, haikufika mbali, serikali ikairudisha mikononi, tukabaki na TRL inayoendesha treni na RAHCO inayomiliki njia, mpaka sheria ya 2017 ilipoziunganisha kuwa TRC ya sasa, shirika la reli. Mara mbili tumeona, njia nzuri bila hela ya matengenezo iliyotengwa inakufa polepole na hakuna anayeshtuka mpaka siku mabehewa yanalala.

Na SGR ya umeme haina huruma kwenye hilo. Mnakumbuka mwisho wa Julai 2024, wiki ile ile safari za Dodoma zilipoanza, treni ilisimama na TRC wakaeleza kuwa ngedere na bundi walisababisha hitilafu kwenye umeme, mtandao mzima ukacheka. Mi sikucheka, kwasababu ndo hali halisi, ukiwa na nyaya za volti 25,000 juu ya njia ya kilometa zaidi ya mia nne unahitaji watu wa kufyeka, wa kukagua, wa kulinda, kila siku mpaka mwisho wa dunia, na bado kuna wezi wa nyaya wanaokamatwa. Nauli yangu ya 31,000 haiwezi kubeba hayo yote pamoja na deni.

Kinachoweza kubeba ni mizigo. Majirani zetu Kenya wametufundisha hapo. Wao walifungua Mombasa–Nairobi Mei 2017, kilometa 472, inatumia dizeli, kama shilingi zao bilioni 327, na asilimia 90 ilikuwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Abiria wanajaa, treni inapendwa, ila deni halikulipika kwa abiria, wakajaribu kuwalazimisha wafanyabiashara mizigo ipande treni, Mombasa wakaandamana, madereva wakakosa kazi, na 2022 Ruto alivyoingia akarudisha uhuru wa kutoa mizigo pale pale bandarini. Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ikapanda kutoka 1,000 mpaka 1,500. Mzigo haulazimishwi, unavutwa kwa bei na kwa uhakika wa siku ya kufika. Mwenye kontena la kwenda Kigali au Bujumbura anataka kujua litafika lini, basi.

Kwahiyo TRC, nawapenda kwa hii huduma na naomba mnisikie. Mizigo ya SGR ipewe uzito ule ule mliompa mchongoko, treni za mizigo usiku ziwe nyingi kuliko za abiria mchana. Milango ifunguliwe kwa kampuni binafsi zije na vichwa na mabehewa yao zilipie kupita kwenye njia yetu, njia ibaki ya umma. Tozo ya reli itengwe fungu la matengenezo ambalo Hazina haiwezi kuligusa kwa kitu kingine, na kila mwaka lichapishwe kwa Kiswahili, kimeingia nini, kimetumika wapi, vichwa vingapi vinatembea na vingapi viko gereji. Na nauli ya daraja la kawaida isipandishwe mpaka hesabu hizo zionekane, maana yule mama wa Chamwino kashalipa kupitia tozo kabla hata hajakata tiketi.

Mimi naipa nyota nne kati ya tano. Anayetaka kujaribu na familia aanze na Moro, treni ya asubuhi, mtashuka Kihonda kabla jua halijawa kali na jioni mnarudi Dar, ila tiketi za kurudi kateni siku hiyo hiyo mnayokata za kwenda.